Nguo Mbichi na Baridi ya Meru na Embu: Namna ya Kukausha Bila Kuunguza Nyumba



Kila mwaka KUCCPS ikishagawa nafasi za vyuo, watoto wetu wa Likoni, Kisauni, Malindi, Kwale na Lamu hujikuta wamepangiwa huko juu: Chuo Kikuu cha Embu, Chuka, KeMU, au Chuo Kikuu cha Meru kule Nchiru. Sisi wazazi tunahangaika na nauli, godoro, blanketi nzito na sweta. Hakuna anayeuliza nguo zitakauka vipi. Na kwa nini aulize? Huku kwetu kukausha nguo si habari. Unaanika saa tatu asubuhi, upepo unapiga, adhuhuri unaanua. Mtu aliyekulia hivyo hajawahi kuwa na haja ya kukausha nguo ndani ya nyumba. Akifika mahali ambapo jinzi inakaa kwenye kamba siku tatu na bado inanuka uvundo, atabuni njia zake mwenyewe. Njia hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Mimi kazi yangu ni umeme. Diploma yangu niliichukua Mombasa Polytechnic, kabla haijageuka kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na nimetandaza nyaya katika nyumba nyingi za pwani na chache za bara. Embu nina jamaa, na binti wa kaka yangu anasoma huko. Julai mwaka jana nilimtembelea katika hosteli ya kupanga, ambayo sitaitaja jina. Chumba kimoja, wasichana wawili, soketi moja. Kwenye soketi kuna ekstensheni, na kwenye ekstensheni kuna koili ya kupikia, birika, chaja mbili na pasi. Juu ya koili, kiasi cha shibiri mbili, kiti cha plastiki kimebebeshwa jinzi na taulo. Nilipouliza, mwanangu alinijibu kwa utulivu kabisa: “Ami, hapa jua ni mgeni. Kila mtu anafanya hivi.”

Na kweli, chumba cha pili walifanya hivyo. Cha tatu vilevile, ila wao walitumia jiko la makaa.

Kwanza tuwaelewe. Mji wa Embu uko kiasi cha mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru unapita mita 1,500. Yote miwili iko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, upande unaopokea mawingu yanayotoka baharini kwetu. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, na nyingine nzito ni Oktoba mpaka Disemba. Katikati yake, Juni mpaka Agosti, kuna baridi, ukungu na manyunyu yasiyokatika, na kuna siku jua halionekani kabisa. Nguo hukaushwa na vitu vitatu: joto, upepo, na hewa yenye nafasi ya kubeba unyevu. Mombasa hewa ina unyevu mwingi, lakini joto na upepo vinatuokoa. Embu mwezi wa Julai vyote vitatu vinakosekana kwa pamoja. Kwa hivyo anayeleta moto karibu na nguo si mjinga, bali anatafuta kimoja kati ya vile vitatu. Ila amechagua kile chenye hatari kuliko vyote.

Nguo mbichi haiwaki

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nikiongea na vijana naona hawajawahi kuelezwa. Nguo iliyoroa haiwaki. Maji yaliyomo ndani yake yanaizuia kupita nyuzi 100 za joto, kwa sababu joto lote linakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana mtu anaweka jinzi juu ya jiko, anaitazama nusu saa, haoni kitu ila mvuke, anatulia. Anatoka kwenda dukani au anasinzia. Sasa maji yakiisha, ulinzi nao umekwisha. Joto linapanda haraka, kitambaa kinageuka rangi, kinaanza kutoa moshi, kisha kinashika. Saa ya hatari ni saa ile nguo inapokauka, na hiyo ndiyo saa ambayo mwenye nguo ameshaacha kuangalia.

Ongeza jambo jingine: nguo ikikauka huwa nyepesi. Ile jinzi iliyokuwa imekaa imara juu ya kiti kwa uzito wa maji, sasa mkono wake mmoja unateleza, unaangukia koili. Koili ikishawiva nyekundu imepita nyuzi 500. Poliesta, ambayo ndiyo kitambaa cha madera mengi, buibui nyingi za bei nafuu na jezi za mpira, inayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Na ikiyeyuka inadondoka matone ya moto, yanaanguka kwenye godoro la sponji. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kutoka tone la kwanza mpaka moshi mweusi unaokuzuia kuuona mlango ni dakika chache tu.

Nyumba nyingi za kule ni za mbao, jambo ambalo mtu wa pwani aliyezoea matumbawe na matofali ya simenti halizingatii. Ukuta ni mbao, dari ni mbao au hadibodi, na majirani mnatenganishwa na ubao mmoja. Moto wa chumba kimoja unakuwa moto wa ploti nzima.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni ya umbali. Nguo yoyote isikae chini ya mita moja kutoka kwa kitu chenye moto: jiko, koili, hita, jiko la gesi, meko ya kuni. Mita moja ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Na isiwe juu yake kabisa, hata ikiwa mita mbili juu, kwa sababu kila kilicho juu siku moja huanguka. Kule mashambani, Runyenjes na Nkubu, utaona kamba imefungwa juu ya meko jikoni, soksi na sweta za watoto wa shule zimetundikwa ili kesho ziwe kavu. Wazee watakwambia ni miaka na miaka na hakuna kilichoungua. Kamba hiyo isogezwe pembeni, karibu na ukuta. Joto la jiko litafika huko huko, nguo itachelewa saa mbili tatu, basi.

Kuna wale wanaotundika soksi juu ya balbu. Balbu za zamani za waya zinawaka moto wa kweli, na kitambaa kikifunika balbu joto halina pa kwenda. Kuna wanaosukuma nguo nyuma ya friji, kwenye zile bomba zenye uvuguvugu. Hapo friji inakosa hewa, mashine inafanya kazi kupita kiasi, na pale nyuma ndipo penye nyaya. Sipendi yote mawili.

Jiko la makaa, au seredani kama tunavyoita sisi, lina jambo zaidi ya moto. Chumba cha baridi hufungwa dirisha. Makaa yakiwaka katika hewa chache hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na wengine hawaamki. Makaa yaliyokwisha moshi na kubaki mekundu mazuri ndiyo watu hudhani ni salama kuingizwa ndani. Si salama, gesi inatoka vilevile. Mkiona watu wawili chumba kimoja wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja na jiko limo ndani, fungueni mlango, tokeni nje, maswali baadaye.

Soketi moja, vifaa vitano

Turudi kwenye ile ekstensheni. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ya ampea 13 kwa ukubwa. Zidisha 240 kwa 13 unapata wati 3,120. Huo ndio mzigo wote ambao soketi moja ya kawaida imetengenezewa kuubeba. Sasa hesabu: koili ya kupikia wati 1,000, birika 2,000, pasi 1,000 au zaidi, hita ya chumba 2,000. Ukiwasha vitatu kati ya hivyo kwa pamoja umeshavuka. Na ekstensheni nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani hazina waya wa kubeba hata hizo ampea 13. Waya mwembamba ukibeba mzigo mkubwa unapata moto, mpira wake unalainika, na ikiwa umepitishwa chini ya godoro au umeviringishwa kwenye roda, joto linajikusanya humo humo.

Mkono wako ni kipimo kizuri. Shika plagi na waya baada ya nusu saa ya matumizi. Vuguvugu kidogo si neno. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, au plagi imegeuka rangi ya kahawia, au kuna harufu kama ya samaki aliyeoza, zima na usiitumie tena. Harufu hiyo mara nyingi ni plastiki ya soketi inayochomeka, wala si panya aliyekufa ukutani kama keateka mmoja alivyotaka kuniaminisha.

Pasi inastahili aya yake. Ukienda kuuliza vijana wanakaushaje nguo asubuhi ya mtihani, wengi watakwambia wanaipiga pasi ikiwa mbichi. Kwa nguo nyepesi si vibaya. Shida ni stima kukatika. Unapiga pasi, stima inapotea, unaiacha pasi imelala juu ya kitanda kilichotandikwa blanketi, unatoka kwenda darasani. Saa mbili baadaye stima inarudi na chumba hakina mtu. Kenya tumeshazoea kukatikiwa; sote tunaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipoingia gizani kwa masaa. Kwa hivyo kila stima ikikatika, mkono wa kwanza uende kwenye plagi ya pasi, koili na hita, zichomolewe, halafu ndipo utafute tochi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu gizani mtu husahau iko upande gani.

Mwenye ploti naye ana lake. Wiring ya nyumba ya kupanga ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, iwe na ethi ya kweli, na kila chumba kiwe na brekera yake inayokatika mzigo ukizidi. Nimeona mahali brekera inakatika kila jioni, na dawa iliyotolewa ikawa ni kuibadilisha iwekwe kubwa zaidi. Hiyo ni sawa na mtu kuumwa na jino akang'oa ulimi. Brekera inakatika kwa sababu waya umelemewa. Ukiweka brekera kubwa, waya ndio utakaokatika, na utakatikia ndani ya dari.

Draya

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe ya kukaushia, maana imeanza kuingia. Mjini Meru na Embu madobi wa kisasa wanazo, na fleti mpya, huku Nyali kama huko, watu wananunua mashine inayofua na kukausha kwa pamoja. Wengine wanaletewa mitumba na jamaa walioko Uingereza au Dubai, inashuka kwenye kontena pamoja na baiskeli na makochi. Mashine ni nzuri na haina ubaya wowote ikitunzwa. Lakini watu huitunza kama friji, yaani wanaiwasha na kuisahau, na draya si friji. Draya ni hita ya wati 2,000 au zaidi inayopulizia hewa moto kwenye vitambaa.

Kila nguo ikizungushwa inatoa nyuzi ndogo ndogo, ile pamba ya kijivu unayoikuta kwenye chujio. Shika hiyo pamba uipeleke nje, iwashe kiberiti uone. Inashika kwa haraka ya kutisha. Hiyo ndiyo inayokusanyika karibu na koili ya mashine. Wamarekani, ambao draya kwao ni kama jiko la gesi kwetu, wamehesabu. Taarifa ya idara yao ya serikali ya zimamoto kuhusu miaka ya 2008 hadi 2010 ilikadiria mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, watu 5 kufa, 100 kujeruhiwa, na mali ya dola milioni 35 kuteketea. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa ni kutosafisha. Yaani kilichoongoza si umeme mbovu wala bahati mbaya, ni uchafu tu. Na mwezi ulioongoza ulikuwa Januari, wakati wa baridi yao, kama Julai ya Meru.

Usafishaji wenyewe ni kazi ya dakika moja. Toa chujio kila mara kabla au baada ya kukausha, si mara moja kwa wiki. Livue pamba kwa vidole. Kama unatumia dawa ya kulainisha nguo, hiyo huacha utando usioonekana kwenye wavu. Mimina maji juu ya chujio, na yakisimama badala ya kupita, lioshe kwa maji vuguvugu na sabuni na brashi laini, likauke kabla ya kulirudisha. Usiendeshe mashine bila chujio hata siku moja. Chujio likitatuka, nunua jingine.

Mashine yenye bomba la kutoa hewa nje inataka bomba fupi, lililonyooka, la chuma. Bomba la plastiki linalokunjika kama akodioni linashika pamba kwenye kila mkunjo, na likipata moto linawaka lenyewe. Angalia pia mdomo wa nje wa bomba, ndege hujenga humo. Zile zisizo na bomba, zinazokusanya maji kwenye tangi, zina sehemu ya kupoozea hewa ambayo nayo hujaa pamba. Kitabu cha mashine kitakuonyesha mlango wake. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue nyuma na kuisafisha ndani. Kwa dobi anayekausha mizigo kumi kwa siku, mwaka ni mbali mno. Yeye awe na ratiba ya kila mwezi.

Dalili zake ni rahisi kuzijua: nguo zilizokuwa zinakauka mzunguko mmoja sasa zinataka miwili, mashine juu inachoma mkono, kuna harufu ya kuungua, pamba inaonekana kuzunguka mlango. Hapo hewa haipiti. Watu wengi wakiona nguo hazikauki huongeza muda, na kuongeza muda ni kuongeza joto palepale penye pamba.

Kisha kuna jambo la stima tena. Draya hufanya kazi ya moto, na dakika zake za mwisho hupuliza hewa isiyo na moto ili nguo zipoe. Umeme ukikatika katikati, nguo zinabaki zimerundikana ndani, moto, bila kupozwa. Kwa kawaida hazifanyi neno. Lakini kama kuna mafuta ndani yake, rundo lile linaweza kuendelea kujipasha lenyewe mpaka likawaka, masaa baadaye, stima ikiwa bado haijarudi. Hili watu hawaliamini mpaka waelezwe. Mafuta ya kupikia kama ya alizeti yakikutana na hewa kwenye kitambaa chenye joto hutoa joto zaidi, na rundo linalifungia ndani. Mafuta ya nazi hayana hatari kubwa ya aina hii, lakini leo nani anapikia nazi tupu? Vitambaa vya jikoni, taulo za saluni na za masaji, aproni za mahamri, hata zikifuliwa mafuta hayatoki yote. Zianikwe kwenye kamba. Ikiwa lazima ziingie drayani, zifuliwe kwa maji moto na sabuni ya kutosha, zikaushwe mpaka mwisho, zitolewe na kutandazwa, zisirundikwe kwenye kapu zikiwa moto. Na stima ikikatika, fungua, toa nguo zote, zitandaze.

Nguo iliyomwagikiwa petroli, mafuta ya taa au tina, kama jaketi la mtu wa bodaboda au la fundi wa rangi, isikanyage draya kabisa. Vilevile vitu vyenye sponji na mpira: sidiria zenye pedi, mikeka ya bafuni yenye mpira chini, mito. Kagua mifuko, kiberiti cha gesi kimoja kinatosha kuharibu siku.

Kwa wanaoletewa mitumba, nawasimulia kisa cha London. Tarehe 19 Agosti 2016 ghorofa moja ya makazi eneo la Shepherd's Bush iliwaka moto, na kikosi cha zimamoto kikaeleza kuwa ulianzia kwenye draya ya Indesit. Hiyo ilikuwa moja ya mashine ambazo kampuni ya Whirlpool ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2015 kuwa zina kasoro: pamba iliweza kuangukia koili. Zilihusika zile zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline. Mwanzoni wateja waliambiwa waendelee kuzitumia maadamu hawaziachi peke yake. Baadaye ushauri ukageuka wazichomoe kabisa, na mwaka 2019 serikali ya Uingereza ikailazimisha kampuni kuzirudisha. Sasa jiulize, mtu wa Leicester anapobadilishiwa draya yake, ile ya zamani inakwenda wapi? Sisemi zote zinakuja kwetu. Nasema kabla hujapokea mashine iliyotumika, soma jina na nambari ya modeli iliyobandikwa ndani ya mlango, umtumie jamaa yako huko aiangalie kwenye orodha ya zilizorudishwa. Ni kazi ya dakika tano. Za kutoka Marekani usizipokee hata bure, umeme wao ni wa aina nyingine. Ukinunua mpya dukani, tafuta alama ya KEBS.

Draya ichomekwe ukutani moja kwa moja, kamwe isiende kwenye ekstensheni. Na isiwashwe usiku mkiwa mmelala wala mkitoka. Najua usiku tokeni zinaonekana kama zinakaa zaidi, lakini bei ya usiku kwa nyumba ya kawaida ni ile ile.

Bila moto inawezekana

Njia bora niliyoiona huko haikutoka kwenye duka la umeme. Ukipita kwenye viwanda vya kahawa vya Embu utaona meza ndefu za wavu zilizoinuliwa kutoka ardhini, kahawa imetandazwa juu, na karatasi ya polithini tayari kuivuta mvua ikija. Hewa inapita chini na juu, jua dogo lililopo linafanya kazi, mvua haigusi. Mwenye ploti mmoja Embu ameichukua fikra hiyo: nguzo sita za mti, paa la polithini ile ya kukuzia nyanya, pande zote wazi, kamba kumi ndani. Hata siku ya mawingu ndani yake kuna joto kuliko nje, na nguo zinapigwa na upepo bila kunyeshewa. Wapangaji wake wameacha kuanika vyumbani. Wenye hosteli wangeangalia jambo hili kabla ya kuandika makaratasi ya “Usipike chumbani” mlangoni.

Mwanafunzi asiye na kibanda kama hicho bado ana mbinu. Nusu ya kazi ni kukamua. Viringisha jinzi ndani ya taulo kavu, ikanyage kwa miguu, taulo litakunywa maji mengi ajabu. Fua kidogo kidogo kila siku mbili badala ya rundo la Jumamosi. Anika ndani karibu na dirisha lililo wazi, nguo zikiachana upana wa ganja la mkono, na kama mna feni ndogo ielekezeni hapo. Feni inakula wati 50 tu na inashinda hita ya 2,000 kwa usalama. Geuza nguo ndani nje, mifuko itokeze. Na nguo nzito, kama blanketi na kanzu ya pamba ya Ijumaa, mpelekeeni dobi mwenye mashine mgawane gharama watatu.

Ikitokea moto umeanza

Draya ikitoa moshi, usifungue mlango wake. Hewa itakayoingia ndiyo chakula cha moto. Zima swichi kuu kama unaifikia, funga mlango wa chumba, toa watu. Umeme haumwagiwi maji kabla haujakatwa. Taulo lililoshika juu ya koili, kata umeme kwanza kisha ulifunike kwa sufuria au blanketi zito la pamba lililoroweshwa. Moto ukishapita kimo chako, acha. Laptopu ina bei, na vyeti hutolewa nakala. Mkitoka, inameni chini ya moshi, gongeni milango ya majirani, hasa nyumba za mbao. Pigeni 999 au 112. Na muwe na nambari ya zimamoto ya kaunti mliyoko imebandikwa ukutani kabla ya siku hiyo, kwa sababu zimamoto Kenya ni kazi ya kaunti.

Nguo ikishika mwilini, usikimbie. Lala chini, jiviringishe. Jeraha la moto liwekwe chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Msipake dawa ya meno, wala unga, wala asali, hata bibi akisema. Dera lililoyeyuka likagandia ngozi lisivutwe, daktari ndiye atakayeliondoa.

Binti wa kaka yangu sasa ana kamba mbili za kuanikia, feni ndogo, taulo la ziada la kukamulia na ekstensheni yenye fyuzi niliyomchagulia mwenyewe. Koili bado anayo, kwa sababu lazima ale. Kile kiti cha plastiki tumekiweka nje mlangoni, na muhula ujao anahamia ploti yenye kibanda cha polithini.